Saratani ya figo ikiingia mifupani: kwa nini skani moja husema hapana na nyingine ikasema ndiyo

Kisa hiki si cha mtu mmoja. Mzee ametolewa figo ya kushoto kwa sababu ya saratani, kidonda kimepona, amerudi dukani kwake Mwembe Tayari, Mombasa. Miaka miwili baadaye nyonga inaanza kumuuma, maumivu ya usiku, yale yasiyotulia hata ukijigeuza. Anafanyiwa skani ya mifupa na ripoti inasema hakuna dalili ya saratani. Nyumbani inasomwa dua na pilau inapikwa. Lakini maumivu hayaishi, kwa hiyo wiki chache baadaye anapelekwa CT, mashine ya eksirei inayopiga mwili vipande vipande, na humo linaonekana tundu la sentimita 3 kwenye mfupa wa nyonga.

Binti yake anauliza, "Daktari, si mlituambia mifupa ya baba iko salama?"

Swali ni la haki, na wengi huondoka nalo wakiamini kwamba kuna mtu alizembea. Mara nyingi hakuna aliyezembea. Vipimo vyote viwili vimesema kweli, kila kimoja kwa kile kilichoulizwa. Skani ya mifupa haikuulizwa kama kuna tundu. Iliulizwa jambo jingine kabisa, na saratani ya figo ina tabia ya kuponyokea hapo hapo.

Tuanze na mfupa wenyewe. Mfupa wa mtu mzima hubomolewa na kujengwa upya kila siku. Kuna seli ambazo kazi yake ni kumung'unya mfupa uliochakaa, na kuna nyingine zinazokuja nyuma kujaza pengo. Ufikirie ukuta wa nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa kule Mji wa Kale: hewa ya chumvi inaula, mafundi wanakuja kuuziba na kupiga lipu. Zamu hizo zikienda sawa, ukuta unadumu. Saratani ikiingia mfupani huvuruga zamu. Saratani ya tezi dume huwaita mafundi kupita kiasi, mfupa ukaota sehemu nzito na ngumu. Saratani ya figo kwa kawaida huwachochea wabomoaji, na mafundi hawaitwi, au wanaitwa wachache. Kinachobaki ni tundu lililojaa uvimbe wenye mishipa mingi ya damu.

Skani ya mifupa hupiga picha ya mafundi. Haipigi picha ya tundu.

Kipimo chenyewe ni hivi. Mgonjwa hudungwa kwenye mshipa dawa yenye teknetiamu-99m, madini yanayotoa miale, iliyofungwa kwenye kemikali jamii ya fosfati. Kemikali hiyo hujishika pale ambapo mfupa mpya unawekwa. Husubiri kama saa tatu akinywa maji na kwenda choo, kisha hulala chini ya kamera inayohesabu miale itokayo mwilini mwake. Picha inayotoka ni ya kiunzi kizima, utosini hadi vidoleni, na penye ujenzi mwingi panaonekana peusi zaidi. Dawa inayobaki hutolewa na figo, kwa hiyo kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji utaiona ile figo moja iliyobaki imejichora hafifu karibu na mbavu, na upande wa pili pako patupu.

Dawa hizi za teknetiamu na fosfati zilianza kutumika mwaka 1971, na kwa saratani za tezi dume na matiti zimefanya kazi kubwa. Ndiyo maana jina "skani ya mifupa" limekaa vichwani mwa watu kama kwamba ndicho kipimo cha mwisho cha kila kitu kinachohusu mfupa. Kwa saratani ya figo sifa hiyo inazidi uwezo wake. Penye tundu tupu pasipo ujenzi, dawa haina pa kujishika. Pengine pataonekana peupe kuliko kawaida, jambo ambalo jicho hulipita kwa urahisi. Pengine hapataonekana kitu.

Tena ina kasoro ya upande wa pili. Ujenzi wa mfupa si dalili ya saratani peke yake. Goti lenye baridi yabisi litawaka, yaani litaonekana peusi kwenye picha. Mbavu alizovunja mtu kwa ajali ya bodaboda mwaka jana zitawaka, tena kwa kawaida zikiwa zimejipanga mstari mmoja, mbavu baada ya mbavu, na mpangilio huo humwambia daktari wa picha kwamba ni kipigo wala si saratani. Kwa hiyo ukidungwa dawa hii taja kila ajali uliyopata, hata ile ya kuteleza bafuni ambayo unaona aibu kuitaja.

Kiasi gani hupotea? Kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Annals of Oncology ambao ninaupenda kwa sababu uliwapima wagonjwa wale wale kwa mashine tofauti. Walikuwa 10 tu, wote wenye saratani ya figo iliyokwisha kuingia mifupani. Vidonda vya saratani vilivyohesabiwa vilikuwa 77. Skani ya PET, kamera nyingine inayofuata dawa yenye miale, iliyotumia floridi ya sodiamu, iliviona vyote. CT iliona asilimia 46. Skani ya mifupa ya kawaida, hata ilipoongezewa picha za pande tatu za nyonga, iliona asilimia 29. Wagonjwa 10 ni wachache, na vidonda vingine ambavyo PET peke yake iliviona havikukatwa vikathibitishwa maabara. Hata hivyo mwelekeo wake unalingana na tunachokijua kuhusu ubomoaji wa mfupa.

Usisome takwimu hizo ukakimbilia kudai PET. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na vidonda vingi, na skani iliyoona vitatu kati ya kumi imekwisha kukujibu swali kubwa: saratani imeenea ama haijaenea. Hasara huja kwa yule mwenye kidonda kimoja au viwili tu, kwa sababu ndiye ambaye upasuaji au mionzi iliyolengwa inaweza kumsaidia sana, na ndiye anayeweza kuambiwa yuko safi.

Nani apimwe

Miongoni mwa watu ambao saratani yao ya figo imekwisha kuenea mwilini, karibu theluthi moja ina kidonda cha mfupa. Mapafu huongoza, mifupa hufuata. Sehemu inazopenda ni uti wa mgongo, nyonga, mbavu, na vichwa vya juu vya mfupa wa paja na wa mkono. Na ina subira mbaya: inaweza kurudi miaka kumi au zaidi baada ya figo kutolewa, wakati mgonjwa ameacha kwenda kliniki na kovu amelisahau.

Hata hivyo miongozo ya madaktari wa njia ya mkojo barani Ulaya haipendekezi kila mgonjwa wa saratani ya figo apigwe skani ya mifupa. Inapendekeza CT ya kifua na tumbo, na mifupa itafutwe kipekee pale tu penye dalili: maumivu, mfupa uliovunjika kwa sababu ndogo, au majibu ya damu yanayotia shaka. Majibu hayo ni hasa kalisiamu iliyopanda, ambayo humfanya mtu awe na kiu isiyokatika, afunge choo, achoke na kuchanganyikiwa, na kimeng'enya kiitwacho alkalini fosfatezi. Hicho cha pili nacho hutokana zaidi na ujenzi wa mfupa, kwa hiyo kinaweza kuwa cha kawaida kabisa na huku nyonga inaliwa.

Hili huwaudhi jamaa. "Kwa nini asipimwe mwili mzima tukajua moja?" Kwa asiye na dalili, na uvimbe wake ukiwa mdogo, uwezekano wa kukuta kidonda mfupani ni mdogo mno, na uwezekano wa kukuta kitu kinachofanana na kidonda ni mkubwa zaidi. Kitu hicho kitazaa skani nyingine, sindano ya kuchukua kinyama, na wiki kadhaa za kukosa usingizi. Mimi naona miongozo imesema sawa, kwa sharti moja: maumivu yaaminiwe. Mtu mwenye historia ya saratani ya figo anayesema mgongo unamuuma usiku asipewe dawa ya kuchua mara tatu mfululizo kabla ya kupigwa picha.

CT, na pale inapoishia

CT ndiyo mashine ambayo mgonjwa wa Mombasa ataikuta kwa urahisi, iwe Makadara, kama watu tunavyoiita hospitali ya rufaa ya Pwani, iwe hospitali za binafsi. Inapima msongamano wa mfupa vipande vipande vya milimita chache, na ganda la nje la mfupa likiliwa inaonyesha vizuri. Isitoshe mgonjwa wa figo huwa anapigwa CT hata hivyo kuangalia mapafu na tumbo, na ndani yake uti wa mgongo, mbavu na nyonga vyote vimo bila gharama ya ziada. Kinachotakiwa ni daktari anayesoma afungue dirisha la mifupa, yaani mpangilio wa picha unaoonyesha mifupa vizuri, na apitie pingili moja moja. Ukiandikiwa fomu, hakikisha imeandikwa wapi panauma. "Ufuatiliaji wa saratani" haimwambii msomaji atazame wapi. "Maumivu ya nyonga ya kulia wiki sita, alitolewa figo 2022" inamwambia.

Mipaka yake ni miwili. Kidonda kikiwa bado ndani ya uboho, hakijala mfupa mgumu, CT inaweza kukipita. Na CT ya kifua hadi nyonga huishia juu ya mapaja. Kidonda cha katikati ya mfupa wa paja, au cha juu ya kiwiko, hakimo kwenye picha hata kidogo, na ripoti inayosema "hakuna kidonda cha mfupa" haikisemei.

Hapo ndipo eksirei ya kawaida, ambayo watu wanaidharau, ina kazi yake. Kwa kutafuta saratani mapema ni dhaifu, maana mfupa lazima upoteze kati ya asilimia 30 na 50 ya madini yake kabla tundu halijaonekana. Lakini penye kidonda kinachojulikana, eksirei ya mfupa mzima wa paja humwonyesha daktari wa mifupa kama utavunjika. Wanatumia alama za Mirels, zilizochapishwa mwaka 1989: mahali kilipo, ukubwa wake ukilinganishwa na unene wa mfupa, kama ni cha kubomoa au cha kujenga, na maumivu ni ya kiasi gani. Zikifika 9 kati ya 12, hushauriwa chuma kiwekwe kabla mfupa haujakatika. Na kwa sababu vidonda vya figo vimejaa damu, mishipa inayovilisha mara nyingi huzibwa kwanza, siku moja au mbili kabla ya kisu.

MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, haina miale na huona uboho moja kwa moja. Uboho wa mtu mzima una mafuta mengi na hung'aa kwenye aina fulani ya picha zake, saratani ikiingia huwa doa jeusi, hata kabla mfupa mgumu haujaguswa. Kwa uti wa mgongo hakuna kipimo kinachoishinda. Mgonjwa wa saratani ya figo ambaye miguu imeanza kulegea, au ana ganzi kuanzia kiunoni, au mkojo umegoma kutoka, anahitaji MRI ya uti wote wa mgongo siku hiyo hiyo. Asingoje kliniki ya Jumatatu. Neva zinazobanwa na pingili iliyoporomoka zinaweza kufa kwa saa chache, na aliyefika hospitali akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kutembea. Wote hupigwa uti mzima, hata kama maumivu yako pingili moja, kwa sababu mara nyingi kuna kidonda kingine juu au chini yake.

Kwa nini PET iko Nairobi

Mgonjwa akitajiwa PET, jambo la kwanza ni nauli. Skani hizo hufanyika Nairobi na viunga vyake, kwa mfano katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Watu hudhani ni upendeleo wa mji mkuu tu. Upendeleo upo, sikatai, lakini sehemu ya sababu ni fizikia.

Dawa nyingi za PET hutumia florini-18, inayotengenezwa na mashine kubwa iitwayo saiklotroni. Kila dakika 110 nusu yake hupotea. Ipakie kwenye treni ya SGR Nairobi asubuhi, na safari ya saa tano hivi itakapofika Miritini, katika kila vipimo 100 vilivyoondoka vitakuwa vimebaki kama 15, kabla hujaingia foleni ya Changamwe. Kwa ndege hali ni nafuu, lakini kila dakika ya kusubiri ni dawa inayoyeyuka. Teknetiamu hupoteza nusu kwa saa sita, na mzazi wake, molibdenamu, kwa saa 66, kwa hiyo husafirishwa ndani ya kifaa maalumu na dawa kutolewa humo siku baada ya siku. Ndiyo sababu moja iliyoipa skani ya mifupa ya zamani uhai mrefu duniani: inasafiri.

PET nayo si moja, na hapa panachanganya hata baadhi ya wahudumu. Ile ya kawaida hutumia sukari yenye florini, ikitegemea kwamba saratani hula sukari kwa pupa. Saratani ya figo haitabiriki kwa hilo: nyingine hula sana, nyingine kidogo tu, na dawa yenyewe hutoka kwa mkojo ikiangaza figo na kibofu. Basi PET ya sukari ikikosa kitu kwa mgonjwa wa figo, jibu hilo lina uzito mdogo kuliko lingekuwa nao kwa saratani nyingine.

Ya floridi ya sodiamu, ile ya utafiti wa 2015, ni wazo la mwaka 1962 lililowekwa kando teknetiamu ilipokuja, kisha likafufuliwa mashine za PET zilipokuwa nzuri. Nayo hufuata ujenzi wa mfupa, mafundi wale wale, lakini hujishika kwa wingi zaidi, picha yake ni kali zaidi, na huja pamoja na CT inayoonyesha tundu lenyewe. Kwa hiyo inaona ule ukingo mwembamba wa ujenzi unaozunguka tundu, ambao kamera ya zamani haiufikii. Baridi yabisi nayo huiwasha. Kuna pia ya PSMA, jina la protini inayolengwa, iliyoanzia kwenye saratani ya tezi dume, ambayo hushika mishipa mipya ya damu ndani ya uvimbe wa figo, na inayotumia zirkoniamu kulenga alama iliyo juu ya seli za aina ya saratani ya figo iliyozoeleka zaidi. Hizo mbili zina matumaini, lakini kwa mgonjwa wa Mombasa leo si za kuuzia shamba.

Kabla ya kupanda treni, uliza swali moja: jibu la PET litabadilisha matibabu? Kama CT imekwisha kuonyesha vidonda vitano, na dawa za mwili mzima zitaanzwa vyovyote vile, PET itaongeza idadi na kupunguza akiba ya nyumba. Kama kuna kidonda kimoja na madaktari wanafikiria kukikata au kukichoma kwa mionzi ili kukimaliza, nauli hiyo ina maana. Kibali cha SHA, bima ya afya ya serikali, kishughulikiwe kabla ya kukata tiketi.

Doa si jina la ugonjwa

Kwetu kuna kifua kikuu, na kifua kikuu huingia kwenye uti wa mgongo. Kwenye picha pingili iliyoliwa na TB na iliyoliwa na saratani zinaweza kufanana hadi mtu akaapa. Msomaji hutafuta vitu kama gegedu lililo kati ya pingili mbili: TB hupenda kulivunja na kuvuka, saratani kwa kawaida huliacha. Saratani ya damu iitwayo mieloma nayo huchimba mashimo kama ya figo. Kwa hiyo kidonda cha kwanza kikionekana, hasa kikiwa kimoja, mara nyingi huchukuliwa kinyama kikapimwe maabara, na anayechukua aambiwe mapema kwamba mgonjwa ana historia ya saratani ya figo, kwa sababu vidonda vyake vimejaa damu.

Kuna mambo ya figo iliyobaki. Dawa ya kung'arisha CT hupitia humo, hivyo kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi, hupimwa kwanza. Kreatinini ikiwa juu haimaanishi kwamba milango imefungwa: CT ya kutazama mfupa husomeka hata bila dawa hiyo, na MRI ya uti wa mgongo pia. Mwenye kisukari anayetumia metformini aseme. Aliyedungwa teknetiamu anywe maji, na kwa siku hiyo asimpakate mtoto mchanga kwa muda mrefu wala kukaa ubavuni mwa mjamzito.

Matibabu yakianza, mkanganyiko wa mwisho husubiri kwenye skani ya miezi mitatu. Dawa ikifanya kazi, mafundi hurudi. Tundu huanza kupata ukingo mgumu, CT ikaonyesha weupe ambao haukuwapo, na skani ya mifupa ikawaka pale palipokuwa kimya. Asiye na picha za kwanza anaweza kuandika kwamba kuna vidonda vipya, na mgonjwa akaondolewa kwenye dawa iliyokuwa inamsaidia. Karatasi ya ripoti haitoshi kuzuia hilo, maana kidonda ambacho hakikuandikwa mara ya kwanza kinaweza kuwa kilikuwapo kwenye picha. Inatakiwa CD yenyewe, na ukihama kutoka hospitali moja hadi nyingine iombe dirishani kabla hujaondoka, uhakikishe inafunguka, na jina na tarehe vilivyo ndani ni vya mgonjwa wako.